Moto Huzaa Jivu: Historia Fupi ya Mbolea Itokayo Mekoni

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Methali hii imo katika karibu kila orodha tunayowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, na maelezo yake ni yale yale mwaka hadi mwaka: mzazi hodari huweza kupata mtoto goigoi. Moto una nguvu, una mwanga, unaivisha chakula na kufukuza baridi. Ukizimika huacha kitu baridi, chepesi, kisicho na kazi. Sisi tulioisomesha methali hiyo kwa muda mrefu hatukuwahi kuitilia shaka hata siku moja.

Muhula uliopita tulitoa insha fupi: eleza maana ya methali moja kwa kutumia mfano kutoka maisha yako. Mwanafunzi mmoja, aliyelelewa na bibi yake katika shamba la migomba magharibi mwa Uganda, alichagua hii ya moto na jivu, akaieleza kinyume kabisa. Aliandika kwamba mtoto mwema humpita mzazi wake, kwa kuwa moto hufanya kazi usiku mmoja tu, lakini jivu hulisha mgomba mpaka mkungu ukomae. Mwalimu aliyesahihisha alipiga mstari wa wino mwekundu, akaandika "Sivyo", akampa alama nne juu ya kumi. Mwanafunzi alikuja ofisini na karatasi yake. Hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, kwetu jivu halitupwi."

Mjadala ulioanza hapo ulituchukua muda wote wa chai na ukaendelea siku ya pili. Baadhi yetu walisema kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kufundisha maana inayokubaliwa na wenye lugha, si maana inayotoka katika shamba la bibi wa mtu. Wengine waliuliza: je, ikiwa methali inadharau kitu ambacho mkulima anakithamini, mwanafunzi afundishwe kudharau pia? Ndipo tulipoamua kuifuata habari ya jivu kwa undani, tuone limetoka wapi na limefanya nini katika historia ya kilimo. Makala haya ni matokeo ya upekuzi huo.

Tuanze na jiko lenyewe, kwa maana si wasomaji wetu wote waliokulia vijijini. Katika nyumba nyingi za nchi ya migomba chakula bado hupikwa juu ya mafiga matatu. Mganda huyaita amasiga, na Mnyarwanda amashyiga. Mwenye sikio la lugha atatambua mara moja kwamba ni jina moja lililotembea. Kila siku jiko hilo hutoa mabaki: maganda ya matoke, maganda ya maharage, magunzi ya mahindi, majani ya mgomba yaliyofunikia chungu. Mabichi hupewa mbuzi au ng'ombe, au hutupwa moja kwa moja shinani mwa migomba yakaoze. Yaliyokauka huingia motoni pamoja na kuni. Asubuhi, kabla ya kuwasha upya, jivu huzolewa. Sehemu huenda chooni kupunguza harufu na nzi. Sehemu huchanganywa na maharage ya akiba ili wadudu wasiyatoboe. Na sehemu kubwa hupelekwa shambani, ikanyunyizwa kuzunguka mgomba, si juu ya shina lenyewe.

Kwa nini mgomba hufurahia jivu? Kitu cha mmea kinapoungua, kaboni na karibu naitrojeni yote huondoka na moshi. Kinachobaki ni yale ambayo moto hauwezi kuyala: kalsiamu, potasiamu, magnesiamu, na fosforasi kidogo. Jivu la kuni huwa na chokaa nyingi kuliko kitu kingine chochote, na potasi kwa kawaida chini ya asilimia 10. Jivu la maganda ya ndizi lina potasi nyingi zaidi, kwa sababu mgomba ni mlafi wa potasiamu kuliko mazao mengi tunayoyajua. Hivyo bibi anayerudisha jivu la maganda shinani anamrudishia mgomba kile kile alichonyang'anywa siku mkungu ulipokatwa. Hakuhitaji kujua jina la madini. Aliona tofauti ya mikungu.

Ng'ambo ya mpaka, kwa Wahaya wa Bukoba na jirani zake nchini Tanzania, jambo hili linaonekana hata kwa rangi ya udongo. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, na kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi isiyo na rutuba. (Wasomaji wetu wa Buganda wasichanganyikiwe: kwao kibanja ni habari ya haki ya kukaa juu ya ardhi, si habari ya mbolea.) Udongo wa kibanja ni mweusi na wenye afya, wa rweya ni maskini. Tofauti hiyo haikuletwa na mvua wala bahati. Imetengenezwa na watu kwa vizazi vingi, waliokata nyasi za rweya na kuzileta kibanjani, pamoja na samadi ya ng'ombe, takataka za jikoni na jivu la mekoni. Kibanja ni mahali ambapo kila kilicholiwa nyumbani kilirudi chini.

Sasa tutazame maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kinasema jivu, wingi majivu. Luganda ni evvu, Kinyarwanda ni ivu. Neno ni la kale, la ukoo mzima wa Kibantu wa eneo letu. Kiswahili kimelizalisha hata rangi: kijivu. Ajabu ni kwamba neno mbolea halitupeleki upande wa moto. Mwalimu yeyote ajuaye Kinyarwanda au Kirundi akisikia mbolea hukumbuka kubora, yaani kuoza, na hata sisi tunalo neno bovu. Huenda ndiyo sababu tukisema mbolea, mawazo yetu hukimbilia kinyesi na majani yaliyooza, na jivu husahaulika.

Lakini liko neno la tatu, samadi, nalo limetushangaza. Samadi tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiswahili cha leo maana yake ni mavi ya mifugo yanayotiwa shambani, basi. Al-Jawhari, mtunga kamusi mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 10, alipoeleza neno hilo alisema kwamba samadi ni mavi ya wanyama na majivu. Viwili pamoja! Neno lilipovuka bahari likafika kwetu, jivu lilidondoka njiani. Tulipomsomea maelezo hayo mwenzetu wa wino mwekundu, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba kamusi ya Kiarabu haiwezi kusahihisha insha ya Kiswahili. Tulimkubalia, lakini tulimwona ameanza kulegea.

Waarabu hawakuwa peke yao. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba wakulima wa kaskazini mwa Mto Po, huko Italia, walilipenda jivu kiasi cha kulitanguliza mbele ya mavi ya wanyama wao. Naye Ibn Bassal wa Toledo, mtaalamu wa kilimo wa karne ya 11 nchini Hispania ya Waislamu, alilitaja jivu la majiko ya hamamu miongoni mwa mbolea. Mtu akitafakari ataona kwamba miji ile ilikuwa na akili: hamamu ililetewa kuni kutoka mashambani, na majivu yakarudi bustanini.

Hapa historia yetu inachukua njia nyingine, kwa sababu jivu lilipata wanunuzi wenye fedha zaidi ya mkulima. Ukimimina maji juu ya jivu na kuyakinga yanapochuruzika chini, unapata maji makali yanayoteleza vidoleni. Jirani zetu Waluhya wa magharibi mwa Kenya hupata hivyo munyu musherekha, wakichoma maganda ya maharage au ya ndizi na kuyachuja, kisha hutia maji hayo katika mboga za kienyeji ili zilainike na kupungua uchungu. (Munyu ni chumvi, na watu wa mwambao wa kaskazini wanalijua neno hilo pia.) Ulaya walifanya kama Waluhya ila kwa ukubwa wa kutisha. Walichuja majivu ya misitu, wakayachemsha maji yake katika vyungu vya chuma hata yakakauka, wakapata unga mweupe wa kutengenezea sabuni, kioo na kusafishia nguo. Waholanzi waliuita unga huo kwa neno lenye maana ya majivu ya chunguni, na Waingereza wakalikopa. Neno letu potasi limetoka huko. Walowezi wa Marekani ya Kaskazini walikata misitu wapate mashamba, wakachoma magogo, wakauza majivu. Na hataza ya kwanza kabisa iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ilikuwa ya Samuel Hopkins kwa njia bora ya kutengeneza potasi. Rais George Washington mwenyewe aliitia sahihi. Hataza namba moja ya taifa kubwa namna ile ilihusu majivu.

Mnamo Oktoba 1807, mjini London, Humphry Davy alipitisha umeme katika potasi iliyoyeyushwa, akapata chuma laini cheupe kinachoshika moto kikigusa maji. Alikiita kwa jina la majivu ya chunguni, ndiyo potasiamu yetu. Wajerumani walipendelea jina kalium, na kwa hiyo alama yake katika kemia ni K. Kalium nayo imetoka katika neno la Kiarabu al-qali, maana yake jivu la mimea. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari anapoandika K katika daftari lake la kemia, anaandika jivu. Na akisema alikali, anasema jivu tena. Sisi Waswahili tumekaa na Waarabu ufukweni kwa zaidi ya miaka elfu moja, lakini neno hili limetufikia kupitia maabara ya Ulaya, likiwa limevaa koti. Mambo ya lugha!

(Tahadhari ndogo kwa wanaofundisha kozi ya istilahi: potasi si magadi. Magadi, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ni ya jamii ya sodiamu. Jikoni vyote viwili hulainisha maharage, na ndiyo maana watu huvichanganya. Shambani havifanani, kwani mimea mingi haitaki sodiamu nyingi.)

Mpaka wakati huo wakulima walijua kwamba jivu linasaidia, lakini wataalamu hawakukubaliana kwa nini. Wengi waliamini kwamba mmea hula mboji, yaani vitu vilivyooza, na kwamba madini yana kazi ndogo tu. Carl Sprengel, Mjerumani, alianza kuipinga imani hiyo katika miaka ya 1820. Aliyeisambaza hoja hiyo duniani ni mwenzake, Justus von Liebig wa Giessen, katika kitabu chake cha 1840. Hoja ya Liebig ilisimama juu ya jivu: choma mmea, pima kilichobaki, na hapo utajua mmea ulichukua nini ardhini. Jivu likawa kama daftari la madeni. Liebig alikosea mahali, hasa kuhusu naitrojeni, ambayo haimo katika jivu. Na John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walimwonyesha hivyo kwa majaribio ya shambani huko Rothamsted, Uingereza, yaliyoanza 1843. Lakini juu ya potasi na fosforasi alikuwa sahihi.

Jambo ambalo Liebig alilirudia hadi uzeeni, na ambalo ndilo lililotugusa zaidi sisi tunaokaa mjini, ni hili: mji hula shamba. Kila gunia la nafaka linaloingia mjini limebeba madini ya ardhi ya mtu, na mji ukiyatupa mtoni au baharini, ardhi ile imeibiwa. Alitumia maneno makali kuhusu miji mikubwa ya wakati wake. Tukiyasoma leo tukiwa Kampala hatuoni umbali wowote.

Tiba iliyopatikana haikuwa kurudisha majivu, bali kuchimba. Huko Stassfurt, Ujerumani, watu waliokuwa wakitoboa ardhi wakitafuta chumvi ya kula walikuta tabaka kubwa za chumvi chungu yenye potasi, wakazitupa kama taka. Kuanzia 1861 kiwanda kilianza kuzisafisha na kuziuza kama mbolea. Baada ya hapo nani ahangaike na jivu la jikoni? Dunia nzima ilinunua kwa Mjerumani, hata vita vya 1914 vilipozuka na Mjerumani akazuia mali yake. Bei ilipaa. Huko California watu walivuna mwani mkubwa wa baharini, wakauchoma ili wapate potasi katika majivu yake. Katika vita vya pili pia Waingereza waliolima bustani zao nyumbani walikumbushwa kutunza jivu la kuni. Inaonekana dunia hulikumbuka jivu inapofungiwa mlango, ukifunguliwa hulisahau.

Afrika ilikuwa na wataalamu wake wa jivu, na historia yao na serikali haikuwa nzuri. Tuwatazame Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, ambao kilimo chao huitwa chitemene. Wanafunzi wetu, wanaojua kutema mate tu, wajue kwamba kutema ni pia kukata kwa panga au shoka, kama katika kutema kuni. Na ndilo neno lile lile. Wanaume walipanda juu ya miti wakakata matawi, mti ukiachwa hai. Wanawake wakayabeba na kuyapanga katikati kwa rundo pana. Kabla ya mvua yakachomwa, na katika jivu hilo wakapanda ulezi. Ardhi ile ni yenye uchachu na maskini wa madini, na jivu lilitibu yote mawili kwa mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kampuni ya British South Africa uliona ni uharibifu mtupu, ukajaribu kuupiga marufuku. Matokeo yakawa chuki na njaa, na marufuku ikabidi ilegezwe. Audrey Richards, Mwingereza aliyekaa na Wabemba katika miaka ya 1930, alieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1939 jinsi kazi hiyo ilivyofungamana na chakula, ndoa na heshima ya mwanamume. Hatusemi chitemene inafaa kila mahali. Inahitaji msitu mwingi na watu wachache, na sisi wa ukanda wa maziwa makuu tuna kinyume chake. Ndiyo maana jivu letu ni la mekoni: kidogo, kila siku, kutoka katika vitu ambavyo tayari vimeshatumika.

Turudi sasa mjini. Kila siku malori yaliyosheheni matoke huingia Kampala kutoka Isingiro, Mbarara na Bushenyi. Tunda huliwa, ganda hubaki. Si kweli kwamba yote hupotea. Wafugaji wa mjini hununua maganda sokoni kulishia ng'ombe, na wapo wanaoyakausha na kuyageuza briketi za kupikia, ambazo jivu lake nalo ni zuri. Lakini sehemu kubwa ya takataka za mji huu, zile ambazo wanafunzi wetu huziita kasasiro hata katika insha ya Kiswahili, ni mabaki ya chakula, na kwa miaka mingi yalipelekwa Kiteezi, kaskazini mwa mji, katika jalala lililofunguliwa 1996. Jalala hilo lilikua likawa mlima. Mnamo Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwamo watoto.

Hatutaki kufanya msiba wa watu kuwa mfano wa darasani. Hata hivyo, mtu aliyesoma habari za Liebig hawezi kuupita bila kusimama. Kile kilichokuwa rutuba kule Isingiro kiligeuka hatari huku Kiteezi, na katikati hapakuwa na muujiza wowote: ni ganda lile lile, limehama tu. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine na vikwazo dhidi ya Urusi na Belarusi, ambazo pamoja na Kanada ndizo wauzaji wakubwa wa potasi duniani, vilipandisha bei ya mbolea kila mahali. Mkulima wa Isingiro analipishwa potasi iliyotoka mgodini ng'ambo ya bahari, wakati potasi yake mwenyewe imelala jalalani.

Wapo watakaotuuliza: basi tuchome takataka zote, turudishe majivu? La hasha. Kuchoma kunapoteza naitrojeni na kunapoteza mboji ambayo udongo unaihitaji. Ganda bichi lililooza shinani ni bora kuliko ganda lililochomwa makusudi. Jivu ni la kile ambacho kingeungua kwa vyovyote, au kilicho kikavu na kigumu kuoza kama magunzi, au kinachohitaji kupunguzwa uzito kisafiri. Na lazima liwe jivu la jikoni lililo safi. Takataka za mjini zimechanganyika na plastiki, betri na mabati yenye rangi, na majivu yake ni sumu, hayafai hata kwa maua. Jivu la makaa ya mawe nalo ni kitu kingine kabisa.

Wazee walikuwa na kanuni zao, na kemia haijazipinga. Jivu huwekwa pakavu, chini ya paa, kwa sababu mvua huliosha na potasi hutiririka nayo, kama maji ya munyu musherekha yanavyotiririka, ila hapa hakuna chungu cha kuyakinga. Hunyunyizwa kwa mkono, haba, kisha hufukiwa kidogo. Halichanganywi na samadi mbichi wala mbolea ya urea, kwa kuwa ukali wake hufukuza amonia na ile harufu inayopanda puani ndiyo naitrojeni inayokwenda zake. (Hapa samadi ya Al-Jawhari inatupa taabu kidogo, mavi makavu ya zamani hayana shida hiyo kubwa.) Majani ya chai hayalitaki hata kidogo, maana mchai hupenda udongo wenye uchachu. Viazi mviringo pia vikitiwa jivu jingi huota magamba. Lakini migomba, maharage, kabeji na vitunguu katika udongo wetu mwekundu wenye uchachu hulipokea vizuri.

Na ile insha? Baada ya yote haya tulikaa tena. Upande mmoja ulishikilia kwamba maana ya methali ni mali ya jamii iliyoitunga, na kwamba jamii ile ya pwani, iliyokula wali na samaki na kulima katika mchanga na matumbawe, haikuwa na mgomba wa kulishwa jivu kila asubuhi. Kwao jivu lilikuwa uchafu wa kufagia. Mwanafunzi alitakiwa aijue maana hiyo kwanza, kisha aipinge. Upande wa pili ulisema kwamba swali liliomba mfano kutoka maisha yake, na mfano alioutoa ulikuwa wa kweli kuliko mifano yetu yote ya mtoto wa tajiri aliyefuja mali. Mwenzetu wa wino mwekundu alikubali kwamba angepaswa kuandika "Eleza zaidi" badala ya "Sivyo", na kwamba saba ingekuwa haki. Kwa bahati mbaya alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa, na taratibu za kubadilisha alama zinajulikana. Nne imebaki nne. Mwanafunzi ameambiwa sababu, na ameombwa asome makala haya kabla hayajachapishwa. Amesahihisha jambo moja: tulikuwa tumeandika kwamba jivu hutiwa juu ya shina la mgomba.

Tunawaomba wasomaji wetu wa Kigali, Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi na kwingineko watuandikie maneno ya lugha zao kwa jivu, jalala na mafiga, na methali zozote wanazozijua zinazotaja jivu, za kulisifu na za kulilaumu. Tutayachapisha katika toleo lijalo.